Nani Alipanga Mwendo? Mzigo, Mwinuko na Njia ya Kusini ya Tabora

Kwenye milima ya theluji ya Marekani na Kanada kuna watu wanaoweza kumaliza jioni nzima wakibishana juu ya klachi. Wanaendesha pikipiki za theluji, vyombo vyenye skii mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma unaochimba theluji na kusukuma. Shida yao ni mwinuko. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila meta 300 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Ukifika meta 3,000, karibu theluthi ya nguvu imeshakwenda.

Fundi wa huko hana namna ya kuinunulia injini hewa. Anachofanya ni kufungua klachi, kutoa vipande vya uzito vilivyomo ndani na kuweka vyepesi zaidi. Uzito ule ndio unaoamua klachi ibane mapema kiasi gani. Ukiwa mkubwa, injini iliyodhoofika inabebeshwa mzigo kabla haijafika mzunguko wake wa nguvu, nayo inakoroma tu. Ukipunguzwa, injini inapata nafasi ya kupanda mzunguko, mkanda wa nyuma unakwenda kasi, na chombo hakizami kwenye theluji laini. Chombo ni kilekile na injini ni ileile. Kilichobadilika ni makubaliano kati ya nguvu na mzigo.

Utaniuliza, theluji na Tabora wapi na wapi? Swali la haki. Lakini kumbuka kwamba kitabu cha Safari za Wasuaheli, alichokikusanya Mjerumani Carl Velten na kukichapa mwaka 1901, kina safari za bara la Afrika na ndani yake humo kina safari ya Salim bin Abakari aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 na mwajiri wake Mjerumani. Nathari yetu ya safari, tangu ujana wake, imekaa jalada moja na nchi za baridi. Mimi hapa naazima tu hiyo klachi kuisomea historia ya njia moja.

Njia yenyewe ni ile inayotoka Tabora kwenda kusini, inapita Sikonge, inafika Ipole. Hapo inagawanyika: mkono mmoja unaelekea Mpanda, mwingine unashuka Rungwa. Ni nchi ya miombo, asali na tumbaku, na wanavijiji wana eneo lao la jumuiya la kuhifadhi wanyamapori linaloitwa kwa jina hilohilo la Ipole. Wengi hatuifikirii Tabora kama nchi ya juu kwa sababu haina mlima wa kupiga nao picha. Ila mji ule uko kama meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 11 ukilinganisha na ya Bagamoyo, na joto la Oktoba linazidi kuipunguza. Ongeza mchanga.

Nilifika Ipole kikazi, kuandika habari za asali. Pembeni ya barabara kulikuwa na fundi pikipiki, nikamwamkia kwa "mwangaluka" yangu ya kuungaunga, akacheka, akanipa ndoo nikae. Alikuwa anabadilisha sproketi ya mbele: anatoa ya meno 14, anaweka ya meno 13.

"Jino moja tu, kaka?" nikamuuliza.

"Jino moja dada yangu ni gunia," akasema. "Huyu anabeba tumbaku na madumu ya asali porini huko. Ukimwachia gia ndefu, kwenye mchanga klachi inaungua. Hii inapunguza mbio lakini inavuta."

Mwenye pikipiki hakuwepo. Aliyekuwepo ni dereva, kijana anayepeleka hesabu kwa tajiri kila wiki. Akaniambia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba tajiri hataki hilo jino lipunguzwe. Barabara ikiwa nzuri, injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule na mafuta yanakwenda. "Yeye anahesabu mafuta. Mimi ndo nasukuma."

Hesabu ya fundi iko sawa: kutoka meno 14 kwenda 13 ni karibu asilimia 7 ya mwendo uliouzwa ili kununua nguvu ya kuvuta. Ni kazi ileile ya yule wa theluji na vipande vyake vya uzito. Lakini sentensi ya dereva ndiyo iliyonifanya nirudi kwenye vitabu, maana ugomvi huo una umri mrefu sana kwenye njia hizi.

Katika karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi Tabora mzigo ulikwenda kwa bega na kichwa cha mtu. Sababu kubwa ni mbung'o, ambao ugonjwa wao huua ng'ombe, farasi na punda. Watu wa nje hawakukubali jambo hilo kirahisi. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alijaribu ng'ombe kutoka pwani akafika nao Mpwapwa, ikaonekana dawa imepatikana. Mwaka uliofuata msafara wa magari ya ng'ombe ukaishia njiani, ng'ombe wakafa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akagharamia jambo la ajabu zaidi: tembo wanne waliofunzwa kazi, kutoka India, wakateremshwa pwani ya Msasani na kuelekezwa Karema, ziwa Tanganyika. Tembo walipita palipowashinda ng'ombe, watu njiani wakashangaa. Lakini walikufa mmoja baada ya mwingine, na walioeleza vifo hivyo walitaja mizigo mizito kupita kiasi na chakula kisichotosha. Aliyefika Karema ni mmoja tu.

Tembo ana nguvu kuliko mpagazi, hilo halina mjadala. Tofauti ni kwamba tembo hakuwa na namna ya kusema frasila ngapi zinatosha.

Wapagazi walikuwa nayo. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 Carriers of Culture, anawaonyesha wapagazi hao, hasa Wanyamwezi, kama wafanyakazi wa ujira wenye taaluma, heshima na desturi za kazi walizozilinda. Ukizitazama desturi hizo kwa jicho la fundi, utaona kila moja ni skrubu ya kurekebisha mwendo. Mzigo wa kawaida ulizunguka frasila mbili, yaani kama kilo 32. Posho ilipimwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku; posho ikikatika, mwendo nao unakatika. Msafara uliondoka alfajiri, ukafunga kambi kabla jua halijawa kali. Palipokosekana maji, kama kwenye nyika ya Mgunda Mkali kabla ya kuingia Unyamwezi, walipiga terekeza: wanaondoka mchana wamebeba maji, wanalala katikati ya ukame, wanamalizia asubuhi.

Na mbele ya wote alikwenda kirangozi. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, ameandika kwamba mtu aliyethubutu kumpita kirangozi njiani alitozwa faini. Ukisoma haraka utadhani ni majivuno ya kiongozi. Mimi naiona kama klachi yenyewe. Kirangozi anasimama kati ya haraka ya mwenye mali na pumzi ya wabebaji, na mwendo wake ndio mwendo ambao mtu wa mwisho kwenye mstari anaweza kuumudu kesho na keshokutwa.

Wenye mali walichukia sana jambo hili. Mwaka 1871 Stanley alikuwa Tabora akitafuta njia ya kwenda Ujiji kumfuata Livingstone. Njia fupi ya magharibi ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, basi akazunguka kusini, kwenye hii miombo inayoendelea mpaka huku Ipole. Mto Gombe ulikuwa na wanyama tele, msafara ukapumzika na kula nyama. Alipotoa amri ya kuondoka, watu walitaka siku nyingine ya mapumziko. Wakaenda kidogo, wakatua mizigo. Stanley mwenyewe anasimulia jinsi alivyowaelekezea bunduki Asmani, kiongozi wa njia, na mwenzake Mabruki. Yeye anaita uasi. Ukikisoma kisa kilekile ukiwa umesimama upande wa wenye mizigo begani, unaona mgomo wa watu wanaojua walichobakiza mwilini.

Bunduki ilishinda siku ile, na miaka iliyofuata ikazidi kushinda. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikaua biashara ya misafara mikubwa. Miaka miwili baadaye vita vya dunia vikawarudisha wapagazi barabarani, safari hii wengi wao kwa kulazimishwa. Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916. Kwa hesabu rasmi za Waingereza peke yao, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao. Njia zilikuwa zilezile na miili ileile. Ila hapakuwa tena na kirangozi wa kuchaguliwa, wala kibaba cha kudai, wala ruhusa ya kutua mzigo ukizidi.

Ndiyo maana lile jino moja la sproketi silichukulii kama habari ya ufundi tu. Tajiri anahesabu lita, dereva anahesabu mgongo wake na klachi itakayoungua katikati ya pori, mbali na spea. Wote wawili wana hoja. Lakini mmoja tu kati yao ndiye atakayeshuka kusukuma, na sheria ya zamani ya njia hii ilimpa huyo sauti.

Kwa wapenzi wa vitabu nina ombi dogo. Mkirudi kwa Burton, kwa Stanley, kwa maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, au kwa hizo Safari za Wasuaheli, msikimbilie kurasa za vita na maziwa. Tafuteni mahali msafara unaposimama. Angalieni nani ametua mzigo, mwandishi amempa jina gani, mvivu, mwasi au mgonjwa, na alikuwa amebeba frasila ngapi.