Mapokezi Bila Watazamaji: Filamu ya I Am Samuel na Udhibiti wa Filamu Nchini Kenya, 2014–2021

Tarehe 23 Septemba 2021 Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya (KFCB) ilipiga marufuku filamu ya hali halisi iitwayo I Am Samuel, iliyoongozwa na Peter Murimi na kutayarishwa na Toni Kamau. Filamu hiyo, iliyorekodiwa kwa takribani miaka mitano, inamfuata kijana mmoja anayefanya kazi Nairobi na kumpenda mwanamume mwenzake, huku wazazi wake kijijini wakimsubiri alete mke. Baba yake ni mchungaji. Kufikia siku ya marufuku filamu ilikuwa imekwisha kuoneshwa katika tamasha la Hot Docs la Kanada na lile la London, yote mwaka 2020. Kwa hiyo uhakiki wake ulianza ugenini, na Wakenya wengi waliijua kwanza kwa njia ya tamko la kuizuia.

Hali hiyo inamletea mwanahistoria tatizo la ushahidi. Mapokezi ya filamu kwa kawaida huchunguzwa kupitia tahakiki za magazeti, mauzo ya tiketi na kumbukumbu za watazamaji. Pale ambapo filamu haikuoneshwa, maandishi mengi yanayobaki ni ya mdhibiti, na mdhibiti hageuki mhakiki kwa sababu tu ameandika kuhusu filamu. Bodi iliiona I Am Samuel kuwa inatumia dini kutetea ndoa za jinsia moja, kinyume cha sheria na maadili ya taifa. Tamko hilo linaeleza vizuri hofu ya taasisi. Kuhusu filamu yenyewe linaeleza machache, kwani kiini chake ni mvutano wa mwana na baba: mapenzi ya mzazi yanaweza kufika wapi pale imani yake inapomwambia asimame?

Marufuku hiyo ilikuwa na historia. Mwaka 2014 Stories of Our Lives, filamu ya Jim Chuchu na wenzake wa kundi la Nest, ilioneshwa kwanza Toronto. Iliundwa kwa visa vitano vifupi vya rangi nyeusi na nyeupe, vilivyotokana na masimulizi yaliyokusanywa kutoka kwa Wakenya. Bodi iliizuia nchini, na mtayarishaji wake, George Gachara, akakamatwa kwa madai ya kurekodi bila kibali. Mashtaka yakaondolewa baadaye. Mwaka 2015 filamu hiyo ilituzwa Berlin. Ikumbukwe kwamba waandaaji walianza kwa kuficha majina yao, wakajitambulisha walipofika Toronto. Ukimya huo nao ni sehemu ya mapokezi, maana msanii alikuwa amekwisha kukisia hukumu kabla haijatolewa.

Kisa cha Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili, kinatoa ushahidi wa aina nyingine. Ilizuiwa Aprili 2018, wiki chache kabla ya kuoneshwa Cannes, baada ya Kahiu kukataa kubadili mwisho wake ambao Bodi iliuona kuwa na matumaini kupita kiasi. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku saba ili filamu itimize masharti ya kushindania Oscar. Kumbi za Nairobi zilijaa. Kwa wiki moja Kenya ilikuwa na watazamaji halisi wa filamu ya aina hii, waliolipa kiingilio, wakacheka na kubishana. Mtafiti asiipuuze wiki hiyo kwa sababu ya ufupi wake. Mwaka 2020 Jaji James Makau alitupilia mbali shauri la Kahiu dhidi ya marufuku, na mlango ukafungwa tena.

Ulinganisho na India unafaa hapa, nao haupaswi kurahisishwa. Filamu ya Kihindi Aligarh, ya Hansal Mehta, inahusu mkasa wa kweli wa Ramchandra Siras, profesa wa lugha ya Kimarathi aliyesimamishwa kazi mwaka 2010 baada ya kurekodiwa faraghani nyumbani kwake akiwa na mwanamume. Trela yake iliwekwa katika daraja la watu wazima, na mjini Aligarh kwenyewe kulikuwa na upinzani. Hata hivyo iliingia katika majumba ya sinema Februari 2016. Kwa sababu hiyo wahakiki wa India waliweza kujadili uigizaji wa Manoj Bajpayee, upweke wa mzee anayesikiliza nyimbo chumbani, na haki yake ya kuachwa peke yake. Walikuwa na kitu cha kutazama.

Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa maandishi ya sheria peke yake. Aligarh ilipotoka, kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1860 kilikuwa bado kinafanya kazi. Mahakama ya Juu ya India ilikilegeza Septemba 2018. Kanuni hiyohiyo ya India ndiyo iliyotumiwa na Waingereza Kenya na Tanganyika hadi zilipotungwa kanuni mpya mwaka 1930, na makatazo ya wakati huo yamebaki: kifungu cha 162 Kenya, cha 154 Tanzania. Hoja kwamba makatazo hayo ni urithi wa mababu inahitaji, kwa uchache, kusomwa pamoja na tarehe hizo.

Kwa mtafiti wa Dodoma au Chamwino suala hili haliko mbali. Filamu za Kihindi zimependwa Tanzania kwa vizazi kadhaa, kuanzia majumba ya sinema hadi vibanda vya video ambako mtafsiri huzisimulia upya kwa Kiswahili. Ila zilizopendwa zaidi ni zile za mapenzi yanayozuiwa na wazazi, yenye machozi na nyimbo. Katika muundo huo, I Am Samuel ni hadithi wanayoifahamu: mwana ana mpenzi ambaye nyumbani hakubaliki, na baba anatakiwa aseme neno.