Manowari iliyokufa njaa, na tangi la ami yangu

Kila mtu wa Mombasa ana picha amesimama kando ya mizinga nje ya Fort Jesus. Mimi ninazo tatu. Lakini uliza huo mzinga ulikuwa wa nani, na wengi watakwambia ni wa Wareno. Ya Wareno ipo, sikatai. Ila mmoja pale ulitoka kwa manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg. Habari yake imenirudia wiki hii kwa sababu ya tangi la mafuta. Ngojeni, vitaungana.

Ami yangu ni mvuvi, boti yake inalala hapa Tudor. Mwezi uliopita nilitoka naye. Tukapita chini ya daraja la Nyali, tukaacha Mji wa Kale upande wa kulia, tukatoka nje ya miamba. Samaki hawakuwepo, kwa hivyo tukasogea mbele, tena mbele. Wakati wa kurudi upepo ukatukaza usoni, injini ikakohoa, ikazima. Mtungi wa akiba tulikuwa nao, lakini ulikuwa nusu, na hiyo nusu haikutufikisha. Tulivutwa na boti ya watu wengine hadi ndani. Ami alilipa kwa samaki, na hakusema neno mpaka nyumbani.

Sasa ameona kwenye simu tangi la mpira linalokunjwa, limelala kama mto wa kitandani. Ukilijaza linavimba. Mafuta yakipungua, nalo linanywea, kwa hivyo hewa na mvuke havipati nafasi kubwa ndani. Likiisha unalikunja unaliweka pembeni, na boti inabaki na nafasi ya samaki. Mitungi ya plastiki haikunji, ikiwa tupu bado inakaa njiani. Ami akaniuliza, "Wewe msomi, kitu hiki chanifaa?"

Nikamjibu kwa historia. Alinitazama vibaya, lakini alisikiza.

Zamani vyombo vya pwani hii havikuwa na njaa ya mafuta. Majahazi ya Oman na Ghuba yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Upepo ni bure, ila unakupangia kalenda. Ukichelewa kuondoka, unakaa kungoja msimu. Meli za moshi zilipokuja zikavunja kalenda hiyo. Nahodha akawa anaondoka siku anayotaka. Bei yake ni kwamba uhuru wote sasa ulikuwa ndani ya ghala la makaa ya mawe.

Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Ilikuwa na kasi kushinda manowari za Waingereza zilizokuwa zikiichunga. Tarehe 31 Julai ilitoka bandarini, manowari tatu zikaifuata, ikaziacha. Mbio haikuwa shida yake. Shida ilikuwa makaa. Waingereza walinunua makaa yaliyokuwa kwenye bandari za Wareno huko Msumbiji, ili Wajerumani wasiyapate. Agosti, karibu na Oman, ikakamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, ikachukua makaa yake. Yalikuwa makaa duni, na yangeisha tu.

Tangi la akiba la Königsberg lilikuwa meli nzima, jina lake Somali, iliyobeba makaa na kukutana nayo mafichoni. Mwezi wa Septemba zote mbili zikajificha kwenye delta ya Rufiji. Alfajiri ya tarehe 20, Königsberg ikafika Unguja, ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga inatengenezwa mashine, ikaizamisha. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa. Halafu ikarudi Rufiji, mashine zake zenyewe zimeharibika, na haikutoka tena.

Angalia vile mambo yalivyofungana. Novemba Waingereza waliipiga Somali ikaungua. Yaani tangi la akiba limekwenda. Aprili 1915 Ujerumani ikaleta lingine: meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark, imejaa makaa. Ilifukuzwa hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaishia hapo. Julai ikaja Severn na Mersey, manowari fupi za kupita maji machache, ambazo zenyewe zilivutwa na meli nyingine kutoka Malta. Tarehe 11 Julai Wajerumani waliizamisha Königsberg wenyewe. Mizinga yake waliitoa majini wakapigana nayo nchi kavu, na mmoja ndio huo unaoegemea ukipigwa picha.

Kwa hivyo nilimwambia ami: tangi lile linafaa, lakini haliongezi akili. Linunuliwe la petroli, sio la maji, maana petroli inakula mpira usioiweza. Lifungwe kwa mikanda lisiteleze. Likae chini, katikati ya boti, kwa sababu lita 100 za petroli ni zaidi ya kilo 70, na uzito huo ukihama wakati wa wimbi, boti nayo inahama. Na lisijazwe karibu na moto wala sigara.

Ninachoogopa zaidi ni kitu kingine. Mtu akipata tangi kubwa, anakwenda mbali zaidi, halafu anabaki na akiba ileile ya zamani. Sisi siku ile hatukukwama kwa udogo wa tangi. Tulikwama kwa sababu tulihesabu mafuta ya kwenda na tukasahau kwamba upepo wa kurudi una hesabu yake. Wanamaji wengi hugawa mafuta mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na moja ambalo halihesabiwi kabisa mpaka mambo yaharibike. Königsberg ilikuwa na mabaharia hodari na mizinga kumi, lakini fungu la tatu lilikuwa Somali, na Somali ikaungua.

Ami alinyamaza, kisha akasema atalinunua Mungu akipenda, lakini sio mwezi huu. Kwa sasa amenipa kazi. Jumamosi nachukua rangi nyekundu, nachora mistari miwili kwenye kila mtungi wake, igawike mara tatu. Mafuta yakifika mstari wa juu, amesema, hata kama samaki wanaruka wenyewe ndani ya boti, tunarudi Tudor.