Pamba ya Umatumbi na Thamani ya Somo la Historia

Kila mara mgawanyo wa fedha za elimu unapojadiliwa, swali lilelile hurejea: historia, fasihi na sanaa zinamsaidia nini kijana asiye na ajira? Silidharau swali hilo. Taifa linahitaji wahandisi na matabibu, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe ada ana haki ya kuuliza. Jibu langu nalitafuta katika historia yenyewe.

Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima kwa malipo duni. Ndivyo vilivyoanza Vita vya Maji Maji, vilivyodumu hadi 1907. Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo 75,000 vya Waafrika. Makadirio ya baadaye yanafika hata 300,000, wengi wakiwa wameuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuteketezwa. Mwaka 1909, gavana wa wakati wa vita hivyo, Gustav Adolf von Götzen, alichapisha kitabu chake kuvihusu. Kwa miongo mingi, simulizi iliyoandikwa ilibaki zaidi kuwa ya mshindi.

Mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioikumbuka vita ile, katika utafiti ulioongozwa na wanahistoria kama Gilbert Gwassa na John Iliffe. Mwaka uliofuata, Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile, iliyomchukua mganga wa Ngarambe na kumpa mashaka ya kibinadamu. Utafiti ulihifadhi ushahidi. Tamthilia ikatuuliza iwapo imani inayowaunganisha watu yaweza pia kuwaangamiza. Swali hilo halijazeeka katika siasa zetu.

Wazee wale hawapo tena. Kazi ile ingeahirishwa kwa miaka 20 tu, wengi wao wangekwenda na maneno yao. Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini Songea. Sidai kwamba madaftari ya wanafunzi ndiyo yaliyomleta. Koo za waliouawa zilitunza kumbukumbu zao wenyewe. Hata hivyo, madai ya haki huhitaji ushahidi, na ushahidi huhitaji watu waliofundishwa kuuliza, kusikiliza, kulinganisha na kuandika.

Kwa watumishi wa umma nina neno moja zaidi. Mpango wa pamba ulikuwa na hesabu zake za mbegu, ekari na mavuno. Haukuwa na nafasi ya kumsikiliza mkulima. Mtaalamu asiyeijua habari hii anaweza kuirudia leo, kwa zao jingine na kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo tuache kuyafanya masomo haya kimbilio la walioshindwa sayansi. Tuwape walimu wake vitabu na muda, na tuwatume wanafunzi wakawahoji wazee wa vijiji vyao wangali hai.