Siri ya Mkondo Mmoja

SIMULIZI YA KWELI – SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Mapinduzi ya Ufaransa yameanza kuwala wasomi wake. Pierre-Simon Laplace, bingwa wa hesabu za sayari, ameondolewa kwenye tume ya vipimo vipya. Yeye, mkewe na watoto wamehamia Melun, kusini-mashariki mwa Paris. Kichwani mwake limeganda swali moja: kwa nini sayari zote hulizunguka jua kwa kufuata upande mmoja? Kisha habari zikaja kutoka Paris...

SASA ENDELEA

Tarehe 8 Mei, 1794, Antoine Lavoisier alikatwa kichwa.

Laplace hakumjua kwa kusikia tu. Majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783 walifanya kazi bega kwa bega, wakipima joto kwa uzito wa barafu iliyoyeyuka. Siku 18 kabla ya Lavoisier, gilotini ilikuwa imempitia Bochart de Saron, hakimu tajiri aliyetoa fedha zake ili kitabu cha Laplace cha 1784 kichapwe. Na Novemba ya mwaka uliotangulia alikwenda Bailly, mwanafalaki aliyewahi kuwa meya wa Paris.

Huko Melun, Laplace aliandika. Kila ninapozisoma habari zake nasimama hapa kwa muda. Wenzake wanaondoka mmoja mmoja, naye anaandika kitabu cha mbingu kisicho na fomula hata moja, ili yeyote ajuaye kusoma aweze kukifuata hadi mwisho.

Na mwishoni kabisa mwa kitabu ndiko lilikokuwa fumbo.

Mtu angeweza kupanda juu sana, upande wa ncha ya kaskazini, akautazama mfumo mzima, angeona Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali na Uranus zikilizunguka jua kinyume cha mishale ya saa. Zote, bila hata moja kuasi. Angeliona na jua lenyewe likijizungusha upande huohuo. Mwezi wetu nao hivyohivyo, na minne ya Mshtarii, na saba ya Zohali iliyokwisha kuonekana wakati ule.

Piga hesabu, msomaji wangu. Kama kila sayari ingejichagulia upande kwa bahati, nafasi ya zote saba kukubaliana ni 1 kati ya 64. Ongeza miezi hiyo 12, nafasi inaporomoka hadi 1 kati ya 262,144. Miaka ya baadaye Laplace alijumlisha pia jinsi magimba yanavyojizungusha yenyewe, akafikisha miendo 43, na akaandika kwamba uzito wa hoja dhidi ya bahati ni zaidi ya trilioni 4 kwa 1. Kulikuwa na mkono mmoja nyuma ya mambo haya. Mkono wa nini?

Jibu moja lilikwisha kutolewa, tena na mtu mkubwa. Mwaka 1749, mwaka uleule aliozaliwa Laplace, Buffon aliandika kwamba kometi, nyota yenye mkia, iliwahi kuligonga jua kwa mshazari. Likarushwa bubujiko la vitu kuelekea upande mmoja, na vitu hivyo vikawa sayari. Pigo moja, mkondo mmoja! Ni jibu linalovutia, na wengi walilipenda.

Laplace alilivunja. Kitu kinachong'oka kwenye uso wa jua, alisema, kila kikimaliza mzunguko lazima kirudi karibu na pale kilipotokea. Njia yake ingekuwa ndefu na nyembamba, ya kulikaribia jua sana kisha kulikimbia mbali. Sayari haziendi hivyo. Njia zao zinakaribia kuwa duara. Dunia hukaa umbali wa kilomita milioni 150 hivi, na mwaka mzima tofauti yake ni ndogo. Isitoshe, kometi zenyewe huja kutoka kila pembe ya anga na haziujali mkondo huo. Ile ya Halley, iliyorudi mwaka 1759 kama ilivyotabiriwa, hupita kinyume cha sayari zote.

Basi jibu la kweli lilitakiwa kueleza kwa pamoja utiifu wa sayari na uasi wa kometi. Laplace akazifuta sayari zote kichwani mwake. Akabaki na jua changa lililozungukwa na hewa ya moto, iliyotanda hadi kupita mahali ilipo Uranus. Hewa hiyo nzima ilikuwa ikizunguka polepole. Ilipopoa ilisinyaa, na kilichokuwa kikizunguka polepole kikaanza kwenda kasi, kwa sababu kila kitu kinachozunguka kikijikusanya kuelekea katikati huongeza mwendo. Kingoni, alisema, zikaachwa pete za hewa, kila pete ikajikunja kuwa sayari. Sayari zote zikarithi mzunguko wa wingu mama. Kometi hazikuzaliwa humo. Ni wageni tu.

Nitoke kidogo ndani ya Melun, maana hapa ndipo roho ya jambo lenyewe. Wataalamu wa leo hawakubali kwamba pete ziliachwa jinsi Laplace alivyosema, lakini wingu linalozunguka wamebaki nalo. Ndani ya wingu kila chembe ina safari yake: hii inapanda, ile inashuka, nyingine inakata kinyume. Fikiria ngoma ya duara ambamo mtu mmoja ameng'ang'ania kwenda upande wake: atapigana vikumbo na kila anayekutana naye hadi ageuke au atoke. Chembe zinazopanda zikigongana na zinazoshuka, miendo yao huuana. Lakini mzunguko wa jumla wa wingu zima hauna wa kuuua, hauna pa kwenda, unabaki. Ndiyo maana wingu hulala bapa kama sahani, na chochote kinachozaliwa ndani yake hufuata mkondo. Mwaka 2014 darubini za ALMA, katika jangwa la Atacama nchini Chile, zilipiga picha nyota changa iitwayo HL Tauri. Sahani ile ilionekana wazi, na ndani yake mistari ya duara.

Laplace hakuwa na picha yoyote. Alikuwa na hesabu na ujasiri. Immanuel Kant alikwisha kuwaza jambo la kufanana nalo mwaka 1755, lakini mchapishaji wake alifilisika na kitabu kikapotelea gizani. Kitabu cha Laplace hakikupotea. Kilitoka mwaka 1796, kikasomwa, kikasifiwa.

Ng'ambo ya bahari, Slough, Uingereza, hesabu zilikuwa zikielekea kwingine.

Huko aliishi William Herschel, mwanamuziki wa Hannover aliyegeuka mwanafalaki, pamoja na dada yake Caroline. Ndiye aliyeigundua Uranus mwaka 1781. Usiku wa tarehe 11 Januari, 1787, akitumia darubini yake ya futi 20, aliona nukta mbili hafifu kando ya sayari hiyo. Ili asipoteze mwanga alikuwa amekiondoa kioo kidogo cha ndani, akatazama moja kwa moja kutoka mdomoni mwa bomba. Nukta zile zilikuwa miezi.

Zilikuwa zikizunguka upande gani? Hilo lilimtesa kwa miaka. Njia zao zimesimama karibu wima, na kutoka duniani ziliweza kuonekana hivyohivyo iwe zimelalia huku au kule. Ilimbidi asubiri. Uranus huchukua miaka 84 kulizunguka jua, na kadiri ilivyosogea, duara la miezi lilizidi kuwa jembamba, hadi likafichua miezi ilikokuwa ikielekea.

Tarehe 14 Desemba, 1797, ripoti yake ilisomwa mbele ya Royal Society, London. Ndani yake alidai pia kuona miezi mingine minne, ambayo haikuwepo kabisa. Lakini kuhusu ile miwili ya kwanza hakukosea. Ilikuwa ikienda kinyume.

Hesabu iliyokuwa haina muasi hata mmoja sasa ilikuwa na wawili.

Agosti 1802. Vita vimetulia kwa muda, na Herschel yuko Ufaransa. Tarehe 8 anafika Malmaison, kwenye makazi ya Napoleon Bonaparte, Konseli wa Kwanza. Laplace yupo. Mazungumzo yanapanda hadi kwenye nyota, na Bonaparte anauliza kwa mshangao ni nani basi aliyeyafanya haya yote. Laplace anataka kuonyesha kwamba mnyororo wa sababu za asili unatosha kueleza jinsi mbingu zilivyojengeka na zinavyodumu. Bonaparte anampinga.

Na mgeni anayewasikiliza ndiye aliyeiona miezi inayokwenda kinyume.

Je, wingu la Laplace litasalimika? Na ni nini kilichoipindua Uranus?

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO