Sultani Abul-Mawahib wa Kilwa

Katika karne ya 14 kisiwa cha Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania ya leo, kilitawaliwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa ukoo wa Mahdali. Watu walimwita Abul-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa wingi wa ukarimu wake. Habari zake zimo katika tarikhi ya Kilwa na katika safari za Ibn Battuta, aliyefika mjini humo mwaka 1331.

Tarikhi yasimulia kwamba katika ujana wake alisafiri kwenda kuhiji, akakaa Aden miaka miwili akitafuta elimu. Aliporudi, nduguye Daud, aliyekuwa akishika utawala, alimwachia kiti.

Zama zake zilikuwa za neema. Dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa. Msikiti mkuu uliongezwa, ukaezekwa kwa kuba. Juu ya mwamba unaotazama bahari lilisimama kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Sarafu yenye jina lake imeokotwa hata Great Zimbabwe, mbali sana na bahari.

Lakini wasifu wake mkubwa si mawe. Ibn Battuta aeleza kwamba Sultani alikaa na mafakiri, akala nao, na kuwaheshimu watu wa dini na masharifu. Siku moja ya Ijumaa, alipotoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadili mavazi, akampa zile nguo. Mwanawe alizichukua tena kwa fakiri, akampa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu tendo lile, akamwongezea watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapana budi kusema kweli: wale waliotolewa zawadi nao walikuwa wana wa Adamu, na sehemu ya mali ile ilipatikana kwa kushambulia watu wa bara. Sifa ya mtawala haifuti machozi yao.

Hata hivyo, katika kushika amana alikuwa mwangalifu. Khumsi ya ngawira aliitoa kama Qur'ani ilivyoagiza, na fungu la masharifu aliliweka katika hazina ya peke yake, mpaka wenyewe walipokuja kutoka Iraki na Hijazi.

Alipofariki, Daud alirithi ufalme. Mwombaji alipomjia, alijibiwa kwamba mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha cha kutoa. Wageni walingoja miezi mingi wakapata kidogo, hata waombaji wakaacha kuja.

Hilo ndilo fundisho kwa jamaa wa Mudende, chini ya Karisimbi. Dini ilifika Rwanda pamoja na wafanyabiashara wasemao Kiswahili, lugha ya pwani ile ile. Ukarimu unaotegemea moyo wa mtu mmoja huzikwa pamoja naye. Bali zaka iliyoandikwa, wakfu uliohifadhiwa, na sanduku la msikiti linalohesabiwa mbele ya mashahidi, hayo hayafi na mtu. Yatima wa mwaka ujao hatauliza ni nani mkarimu. Atauliza kama fungu lake lipo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awape walio hai uaminifu. Amin.