Klementi XIV na Mashamba ya Maryland

Akitajwa Papa Klementi XIV, watu hukimbilia sumu: ati Wajesuiti walimuua, Septemba 1774, kwa kuwa alilivunja shirika lao. Hadithi hiyo haina ushahidi, na imekwisha kula karatasi nyingi mno. Kwamba wafalme wa Ureno, Ufaransa na Hispania walimbana Mfransisko huyo mpaka akatoa hati ya Dominus ac Redemptor tarehe 21 Julai 1773, hilo linajulikana.

Kisichosimuliwa vya kutosha ni hati hiyo ilivyopokelewa huku Maryland, kwenye mto Potomac. Msumbiji, Ureno ilikwisha kuwaondoa Wajesuiti tangu 1759, na mashamba yao ya Zambezi, watumwa wakiwemo, yakaishia mikononi mwa serikali. Maryland haikuwa hivyo. Sheria za koloni la Waingereza hazikulipa Kanisa Katoliki nafasi ya kumiliki ardhi, basi kila shamba liliandikwa kwa jina la padre mmoja, naye akifa humwachia mwenzake kwa wasia. Papa alipolivunja shirika, hapakuwa na mali ya shirika ya kuchukua. White Marsh, St. Inigoes, Newtown: yote yalibaki na wenyewe.

Mtetezi wao mkuu alikuwa John Carroll, mwenyeji wa Maryland na Mjesuiti, aliyerudi kutoka Ulaya mwaka 1774 na kukaa kwa mama yake, Rock Creek. Alishikilia kwamba mamlaka ya Roma ni ya kiroho na hayagusi mashamba. Mwaka 1789 Papa Pio VI akamfanya askofu wa Baltimore, na mwaka huohuo ndio chuo cha Georgetown kinaouhesabu kuwa wa kuanzishwa kwake. Mwaka 1792 bunge la Maryland likawapa mapadre chombo cha kisheria cha kushika mali hizo.

Wanaomsifu Carroll kwa ujasiri wake nawaelewa, maana hoja yake ilikuwa nzito na ililinusuru Kanisa changa. Lakini ndani ya neno "mali" walikuwamo watu. Mapato ya mashamba waliyolima ndiyo yaliyokitegemeza chuo, na shirika liliporudishwa mwaka 1814 watu hao walikuwa bado watumwa.

Ndiyo maana waraka ninaoutaka usomwe pamoja na hati ya Klementi ni mkataba wa mauzo wa 19 Juni 1838. Kwa mauzo hayo Wajesuiti wa Maryland waliwatoa watu 272 kwa dola 115,000, wapelekwe Louisiana, na sehemu ya malipo ya kwanza ikalipa madeni ya chuo. Orodha inaanza na Isaac, mwanamume wa miaka 65. Anafuata Charles, mwanawe wa kwanza, miaka 40, kisha Nelly, bintiye, 38. Tangu 2017 jengo moja la Georgetown linaitwa Isaac Hawkins, jina kamili la Isaac huyo.

Toa 65 kwenye 1838. Kwa umri alioandikiwa, Isaac alizaliwa mwaka 1773.