Wa kushangaza ni nani, msanii au mtazamaji?

Juma lililopita bwana mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza: "Hivi mtu anayejiumiza mbele ya watu na kusema ni sanaa, huyo ni msanii au ni mgonjwa?" Nilicheka, kisha nikaona swali lenyewe halichekeshi. Leo tulitazame, maana kuuliza si ujinga.

Sanaa ya namna hii haikuanza jana. Mwaka 1964, mjini Kyoto, Japani, Yoko Ono aliketi jukwaani na mkasi mbele yake, akawaalika watazamaji wapande mmoja mmoja wakate kipande cha nguo alizovaa. Yeye alitulia tuli. Hapakuwa na picha wala kinyago. Kazi ya sanaa ilikuwa mwili wake na mikono ya wageni.

Tarehe 19 Novemba 1971, huko Santa Ana, California, kijana wa miaka 25, Chris Burden, alisimama mbele ya ukuta, na rafiki yake akampiga risasi ya bunduki mkononi. Ilikusudiwa imparuze tu, lakini ikapenya. Wakati huo televisheni za Marekani zilikuwa zikionyesha vita vya Vietnam, watu wakitazama huku wanakula. Je, kwa nini risasi moja ya Burden iwashtue watu kuliko maelfu ya risasi za vitani?

Mfano mzito zaidi ulitokea Naples, Italia, mwaka 1974. Marina Abramović, mzaliwa wa Belgrade katika iliyokuwa Yugoslavia, alipanga mezani vitu 72. Vilikuwamo waridi, unyoya, asali, mkasi, kisu cha upasuaji, bastola na risasi moja. Maandishi yaliwaambia watu wamfanyie watakavyo kwa vitu hivyo. Dhamana yote ni yake. Akasimama bila kusema neno, tangu saa mbili usiku hadi saa nane.

Mwanzoni watu walikuwa waungwana. Huyu alimpa ua, yule alimbusu. Saa zikaenda, nguo zikakatwa, ngozi ya shingo ikachanjwa. Mwishowe mtu mmoja akamshikisha bastola yenye risasi na kuielekeza kwake mwenyewe. Wengine waliruka kuiondoa, ukazuka ugomvi. Muda ulipokwisha Abramović akaanza kuwaendea watu, nao, kwa masimulizi yake mwenyewe, wakakimbia. Hawakuweza kumtazama usoni.

Sasa, wasikilizaji, wa kushangaza hapo ni nani? Watu wale waliingia ukumbini na heshima zao. Hawakulazimishwa. Kilichoongezeka ni kimoja tu: waliambiwa kwamba hakuna atakayeulizwa. Bwana wangu wa njiani, mimi nadhani ugonjwa tuutafute hapo.

Nisieleweke vibaya. Simshauri kijana yeyote ajaribu mambo hayo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Burden mwenyewe alikuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 2004 mwanafunzi mmoja pale aliigiza mbele ya darasa mchezo wa kujielekezea bastola kichwani, wenzake wakaingiwa na hofu. Chuo hakikumsimamisha mara moja, na Burden akaacha kazi. Wapo waliomcheka: aliyejipigisha risasi leo anaogopa bastola! Mimi simcheki. Mtu kuuweka hatarini mwili wake ni jambo moja. Kuwatia wenzako hofu ambayo hawakuichagua ni jambo jingine.

Mwaka 2010, jijini New York, Abramović alikaa tena kimya mbele ya watu, siku baada ya siku, zaidi ya saa 700. Safari hii hapakuwa na kisu wala bastola, ila kiti kitupu mbele yake. Watu walikaa wakamtazama usoni, na wengi walitokwa na machozi. Mwanamke ni yule yule, na kimya ni kile kile. Kwa hiyo, ukisikia tena habari za msanii wa aina hii, usimwangalie yeye peke yake. Angalia mezani amewekewa nani nini, na nani kaambiwa hataulizwa.